Clare 1828, Dublin 1932 au Fermanagh 1981: ushike uchaguzi upi?

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili chuoni, anasoma historia. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, kelele za daladala zikiwa nyuma yake, na kiini chake kilikuwa hiki: wamepewa insha. Wachague ushindi mmoja wa kiongozi mzalendo wa Ayalandi katika kura, ule ambao baada yake Ayalandi na Uingereza hazikurudi tena zilipokuwa, kisha wautetee. "Mjomba, nishike upi?" Nilianza kumjibu kwa sauti vilevile, nikajikuta dakika ya kumi bado niko mwaka 1829. Nikaona heri niandike, na kwa kuwa si yeye peke yake atakayeulizwa swali hili, nimeliweka hapa.

Nianze na mizani, maana asiye na mizani huchagua kwa kishindo, na chaguzi za Ayalandi hazijapungukiwa kishindo: umati barabarani, mioto juu ya vilima, nyimbo, majeneza. Mimi huuliza mawili tu. London ilifanya nini baada ya matokeo, ambacho isingekifanya kama mtu yule angeshindwa? Na gharama yake ililipwa na nani? Nenda na maswali hayo uone orodha inavyopungua. Njiani utakutana pia na kitu kinachojirudia miongo nenda miongo rudi, nacho ni kiapo. Wengi nitakaowataja walipewa ubunge na wananchi, wakakwama kwenye maneno ambayo mbunge alitakiwa kuyatamka kabla hajakaa.

Clare, Julai 1828

Tangu tarehe 1 Januari 1801 Ayalandi haikuwa na bunge lake. Ilikuwa imeunganishwa na Uingereza, na wabunge wake walikaa London. Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi kisiwani, walikuwa na haki ya kupiga kura tangu 1793 lakini hawakuweza kukaa bungeni. Hakuna sheria iliyomkataza Mkatoliki kugombea. Kilichomzuia ni kiapo: kabla ya kukalia kiti, mbunge alitakiwa atamke kwamba Misa ni ushirikina na ibada ya sanamu. Mkatoliki gani angeyasema hayo mchana kweupe?

Daniel O'Connell, wakili kutoka Kerry, aliliona tundu hilo. Mwaka 1823 alikuwa ameshiriki kuanzisha Jumuiya ya Wakatoliki, na mwaka uliofuata ikaanza kuchangisha peni moja kwa mwezi kutoka kwa watu wa chini. Peni ni kitu kidogo, ila mtu akishaitoa, jumuiya inakuwa yake. Mwaka 1828 mbunge wa Clare, William Vesey-FitzGerald, aliteuliwa kuwa waziri wa biashara, na kwa utaratibu wa wakati ule mbunge aliyepewa uwaziri alirudi jimboni kuomba kura upya. FitzGerald hakuwa adui. Alikuwa Mprotestanti aliyeunga mkono haki za Wakatoliki, tena alipendwa. O'Connell akachukua fomu hivyo hivyo.

Hapa pana picha ambayo ningependa mpwa wangu aiangalie kwa utulivu. Mji ni Ennis. Kura ni ya wazi: mpiga kura anasimama mbele ya karani, anataja kwa sauti jina la amtakaye, na kabaila mwenye ardhi anayoilima, au mnyapara wake, anasikia. Wapiga kura wengi ni wale walioitwa wa shilingi 40, wakulima wadogo ambao vishamba vyao vimekadiriwa kuwa na thamani ya kiasi hicho kwa mwaka. Kwa miaka mingi makabaila walikuwa wakiwapeleka kupiga kura kama mifugo mnadani, kundi zima kwa jina moja. Safari hii waliingia mjini kwa misururu, parokia baada ya parokia, mapadri wakiwa mbele. Pombe kali ilikatazwa kwa siku zile, na watu wakatii. Nadhani kilichowatia hofu watawala kuliko kelele yoyote ni utulivu huo. Maelfu ya maskini mjini, hakuna ngumi, na kila mmoja anataja jina ambalo mwenye ardhi hakulitaka. Matokeo yalikuwa O'Connell 2,057, FitzGerald 982.

Swali la kwanza, basi. Waziri mkuu alikuwa Duke wa Wellington, yule wa Waterloo, na waziri wake wa mambo ya ndani, Robert Peel, alikuwa amejijengea jina kwa kuwapinga Wakatoliki. Wote wawili walipiga hesabu wakaona kwamba majimbo mengine yakiiga Clare, watatawala kisiwa kwa bunduki au hawatakitawala kabisa. Mfalme George IV alivuta miguu weee, mwisho akasaini sheria ya kuwaruhusu Wakatoliki kukaa bungeni, tarehe 13 Aprili 1829. Ni miezi tisa tangu Ennis. Kwa jimbo moja kubadilisha sheria ya dola nzima, hiyo ni kasi ya ajabu.

Swali la pili ndilo linaloniuma. Sheria ile ilikuja na pacha wake: kigezo cha kupiga kura katika kaunti za Ayalandi kilipandishwa kutoka shilingi 40 hadi pauni 10. Wapiga kura waliokuwa zaidi ya 200,000 wakabaki kama 37,000. Yaani wale wale waliotembea hadi Ennis na kutaja jina mbele ya kabaila ndio waliopokonywa kura. Wakili akapata kiti, mkulima akapoteza sauti. Na hata hicho kiti hakikuja mara moja, kwa kuwa sheria mpya haikuwahusu waliochaguliwa kabla yake. Mei 1829 O'Connell alisimama bungeni, akapewa kiapo cha zamani, akakisoma, akasema kina jambo moja analolijua kuwa si kweli na jingine analoamini kuwa si kweli, akakirudisha. Ikabidi arejee Clare, akapita bila kupingwa, na akakaa Februari 1830.

Ukimshika O'Connell, usimwachie hapo kwenye ushindi. Alitaka pia Muungano wenyewe uvunjwe, na mwaka 1843 alikusanya mikutano ya hadhara mikubwa isiyowahi kuonekana kisiwani. Serikali ilipoupiga marufuku mmoja, ule wa Clontarf, aliufuta ili damu isimwagike, na nguvu yake haikurudi. Alipofariki Genoa mwaka 1847, Ayalandi ilikuwa katikati ya njaa kuu.

Mbili ambazo ningezipita

Watakuambia umshike Charles Stewart Parnell na uchaguzi wa 1885. Ni kweli chama chake kilipata viti 86, na vikatosha kuamua nani atawale London. William Gladstone, kiongozi wa chama cha Liberal, akageuka, akaleta muswada wa kuipa Ayalandi serikali yake ya ndani. Ukaanguka Juni 1886 kwa tofauti ya kura 30, na chama chake mwenyewe kikapasuka. Naona 1885 iligeuza siasa za Waingereza kuliko ilivyogeuza maisha ya Waayalandi. Parnell mwenyewe alimalizwa na kesi ya talaka ya mwanamke aliyempenda, akafa 1891 akiwa na miaka 45.

Kwenye 1918 nitapigiwa kelele, najua. Ndio uchaguzi unaofundishwa kama kuzaliwa kwa taifa. Sinn Féin, chama cha waliotaka jamhuri huru, ilichukua viti 73 kati ya 105, chama cha zamani cha wazalendo kikabaki na 6. Washindi hawakwenda London kuapa. Tarehe 21 Januari 1919 waliketi Dublin wakajiita Dáil, bunge la Ayalandi, na jina baada ya jina lilipoitwa, jibu lilikuwa kwamba mhusika yuko kifungoni mwa wageni. Éamon de Valera, kiongozi wao, alikuwa gerezani Lincoln, Uingereza. Picha ni nzuri, nakubali. Lakini rudi kwenye mizani: London ilifanya nini baada ya kura hizo? Iliendelea kana kwamba hazikupigwa, kisha Septemba 1919 ikaipiga Dáil marufuku. Kilichoiketisha mezani mwaka 1921 ni vita vya msituni. Tena ule haukuwa ushindi wa mtu mmoja, na swali la insha ni la mtu mmoja.

Kama ni lazima uwe karibu na 1918, rudi nyuma mwaka mmoja na nusu, Julai 1917, Clare ya Mashariki. Ndiyo, Clare ileile. Kiti kilikuwa cha Willie Redmond, mzalendo wa siasa za kistaarabu aliyekwenda kupigana katika jeshi la Uingereza akauawa Messines. Aliyekigombea ni Éamon de Valera, mwalimu wa hisabati aliyekuwa ametoka gerezani mwezi uliotangulia kwa kushiriki maasi ya Pasaka ya 1916. Viongozi wa maasi hayo walikuwa wamepigwa risasi, na Roger Casement, ambaye wasomaji wa Kongo wanamfahamu kwa ripoti yake ya 1904 juu ya ukatili wa mpira, alikuwa amenyongwa London. De Valera alipata 5,010, mpinzani wake 2,035. Ni kisa kitamu cha kurasa kumi, ila kinakuonyesha Waayalandi wakibadilika. London bado.

Dublin, 1932

Huu ndio wangu, na hauna wimbo.

Mkataba wa Desemba 1921 uliipa Ayalandi ya kusini dola yake ndani ya himaya. Kaunti sita za kaskazini zikabaki kwa Uingereza, na kila mbunge wa Dublin alitakiwa aape kuwa mwaminifu kwa Mfalme George V. Dáil iliupitisha kwa kura 64 dhidi ya 57. De Valera akatoka, na vikafuata vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi 1923. Upande wake ukashindwa. Kwa miaka minne yeye na wenzake walichaguliwa na hawakukanyaga bungeni, kisa kiapo. Kisha Julai 1927 waziri Kevin O'Higgins akauawa kwa risasi akienda Misa, na serikali ikatunga sheria ya kuwabana wagombea wenye nia ya kususia.

Agosti hiyo de Valera aliingia katika chumba cha karani wa Dáil. Kitabu cha kiapo kilikuwa mezani, na Biblia juu yake. Akaichukua Biblia akaipeleka upande wa pili wa chumba. Akarudi, akayafunika maneno ya kiapo kwa makaratasi aliyokuwa nayo mkononi, akaandika jina lake. Msimamo wake ulikuwa kwamba hajaapa, ameandika jina tu ili apewe ruhusa ya kuingia. Waliompoteza ndugu katika vita vya 1922 walimuuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: kama ilikuwa rahisi namna hii, watu walikufa kwa ajili gani? Sina jibu la kumtetea. Ila bila mkono ule kusogeza Biblia ile, hakuna 1932.

Februari 1932 chama chake, Fianna Fáil, kilipata viti 72 kati ya 153. Kikaungwa mkono na chama cha Labour kilichokuwa na viti 7, na tarehe 9 Machi de Valera akachaguliwa kuongoza serikali. Siku ile baadhi ya wabunge wake waliingia ukumbini na bastola mifukoni, wakiamini waliowashinda vitani miaka tisa nyuma hawatakabidhi. W. T. Cosgrave, kiongozi wa serikali iliyoshindwa, akakabidhi. Bastola zikarudi nyumbani zilivyokuja. Kama unatafuta dakika ambayo dola ile iliacha kuwa ya upande mmoja, ni hiyo.

Kisha ikaanza kazi ya kuung'oa mkataba msumari mmoja mmoja, kwa sheria. Cha kwanza kilikuwa kiapo. Muswada uliwasilishwa mwaka uleule na kikafutwa rasmi Mei 1933. Pili, fedha. Kila mwaka Dublin ilikuwa ikipeleka London zaidi ya pauni milioni 3, marejesho ya mikopo ambayo wakulima walipewa zamani ili wanunue ardhi kutoka kwa makabaila. De Valera akazizuia. London ikajibu Julai 1932 kwa kutoza asilimia 20 juu ya bidhaa za Ayalandi, na kwa nchi ambayo karibu kila ng'ombe wake wa kuuza nje alikuwa akivuka bahari kwenda Uingereza, hilo lilikuwa kofi la uso. Dublin nayo ikatoza ushuru wake. Wameviita vita vya uchumi, na vilidumu miaka sita.

Aliyelipa ni mfugaji. Bei ya ng'ombe ilianguka hadi serikali ikawa inalipia ngozi za ndama ili wachinjwe, maana kumlisha ndama kulikuwa hasara. Fikiria mtu aliyezoea kuhesabu utajiri wake kwa ndama wa masika, sasa anapeleka ngozi kwa wakala wa serikali. Huko Cork mwaka 1934, katika mnada wa ng'ombe waliokamatwa kwa madeni, polisi walifyatua risasi na kijana mmoja akafa. Kwa hiyo usiandike kwamba huu ulikuwa ugomvi wa makaratasi.

Kati ya mabadiliko yote yale, lililonifurahisha zaidi ni la Gavana Mkuu, mwakilishi wa Mfalme. De Valera hakumfukuza kwa kishindo. Alimwondoa aliyekuwepo, James McNeill, akamweka mfuasi wake Domhnall Ua Buachalla, ambaye aliishi katika nyumba ya kawaida pembezoni mwa mji, mbali na kasri, na hakuonekana hadharani ila kwa nadra. Cheo kikabaki kimekauka kama muwa uliotafunwa. Desemba 1936 Mfalme Edward VIII alipojiuzulu, Dublin ikautumia mwanya huohuo kufuta nafasi ya Mfalme katika katiba yake. Mwaka 1937 wananchi wakapiga kura wakakubali katiba mpya. Aprili 1938 Neville Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza, akasaini makubaliano: deni lote lililipwa kwa pauni milioni 10 mara moja, ushuru ukaondolewa, na bandari tatu ambazo jeshi la majini la Uingereza lilikuwa bado limezishikilia, Cobh, Berehaven na Lough Swilly, zikarudishwa. Mwaka uliofuata vita vya dunia vilianza na Ayalandi ikakaa nje. Isingeweza kukaa nje kama meli za kivita za Uingereza zingekuwa bado zimetia nanga Cobh.

Kuna hoja mbili dhidi yangu, na mpwa wangu akinifuata azijibu mwenyewe. Ya kwanza ni kwamba ngazi aliyoipanda de Valera ilijengwa na wapinzani wake. Ni serikali ya Cosgrave iliyohangaika kwenye mikutano ya himaya hadi ikapatikana sheria ya Westminster ya 1931, iliyozipa dola kama Ayalandi uwezo wa kufuta sheria za London. Ya pili ni kaskazini. Katiba ya 1937 ilidai kisiwa chote, na kwa watu wa Muungano wa kule Belfast, wanaotaka kubaki na Uingereza, dai hilo lilikuwa tishio lililoandikwa kwa wino. Liliendelea kuwakera hadi lilipobadilishwa baada ya 1998. De Valera aliifungua Ayalandi moja kutoka kwa Waingereza na akaiacha nyingine imefungwa zaidi.

Fermanagh na South Tyrone, Aprili 1981

Huu ndio ambao vijana wengi huukimbilia, na siwalaumu.

Bobby Sands, wa IRA, kundi la siri lililopigana kwa silaha kuiondoa Uingereza kaskazini, alikuwa katika gereza la Maze akitumikia miaka 14 kwa kosa la bunduki. Tangu 1976 serikali ilikuwa imeacha kuwatambua wafungwa wapya wa aina yake kama watu wa siasa. Wakakataa sare za gereza, wakajifunga mablanketi, na mwisho wakagoma kula. Sands alianza tarehe 1 Machi 1981. Siku nne baadaye mbunge wa jimbo la Fermanagh na South Tyrone, Frank Maguire, alifariki ghafla, na kiti kikawa wazi katika jimbo ambalo Wakatoliki walizidi kidogo tu. Sands akagombea akiwa kitandani gerezani, kwa jina la wafungwa, bila jina la chama. Tarehe 9 Aprili, siku ya 40 bila chakula, alipata kura 30,492 dhidi ya 29,046 za Harry West, mgombea wa watu wa Muungano.

Sheria ilibadilika upesi safari hii pia, ila kinyume na 1829. Bunge lilipitisha kwamba mfungwa mwenye kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja hawezi kugombea. Waziri mkuu, Margaret Thatcher, hakusogea. Sands alikufa tarehe 5 Mei, siku ya 66, akiwa na miaka 27, na watu wapatao 100,000 walimzika. Kufikia Agosti walikuwa wamekufa kumi. Wa kumi alikata roho tarehe 20 Agosti, siku ileile ambayo wakala wa Sands katika uchaguzi ule, Owen Carron, alikuwa akishinda kiti alichokiacha. Kwa Iran yote haya yalikuwa neema ya kisiasa: mtaa wa Tehran ulio kando ya ubalozi wa Uingereza, uliokuwa ukiitwa Winston Churchill, ukaitwa Bobby Sands.

Ukipima kwa miezi kumi na miwili, basi, 1981 inaanguka. London haikutoa kitu mezani. Nguo zao wenyewe wafungwa waliruhusiwa kuzivaa baada ya mgomo kwisha. Ipime kwa miaka kumi na saba na sura inageuka. Wafuasi wa IRA walikuwa wakiona kura ni kazi ya wasaliti. Sasa waliona kura 30,000 zimeitikisa dunia kuliko mabomu ya miaka kumi. Mwaka 1982 Sinn Féin, chama kilichokuwa upande wa IRA, ilisimama yenyewe ikapata kura 64,191, na Juni 1983 Gerry Adams wa chama hicho akawa mbunge wa Belfast Magharibi, kiti ambacho hakukikalia. Hofu kwamba Sinn Féin itakimeza chama cha SDLP, cha wazalendo waliokataa bunduki, ilikuwa moja ya sababu zilizomfanya Thatcher asaini makubaliano ya Hillsborough tarehe 15 Novemba 1985, na kwa mara ya kwanza Dublin ikapewa nafasi ya kusema juu ya mambo ya kaskazini. Kutoka hapo unaweza kufuata njia hadi makubaliano ya Ijumaa Kuu ya tarehe 10 Aprili 1998. Njia ina kona nyingi na maiti nyingi, lakini ipo.

Na gharama? Usihesabu wale kumi peke yao. Katika miezi ya mgomo watu wapatao 60 waliuawa nje ya gereza. Siku mbili kabla ya kura, mama kijana aliyekuwa akikusanya fomu za sensa mjini Londonderry alipigwa risasi mlangoni pa nyumba ya watu akafa. Hakuna mtaa wa Tehran wenye jina lake. Ukiandika juu ya 1981 bila yeye, utakuwa umeandika nusu.

Watu wameniuliza kuhusu Michelle O'Neill wa Sinn Féin, aliyeingia katika nafasi ya Waziri Kiongozi wa Ayalandi Kaskazini tarehe 3 Februari 2024, mzalendo wa kwanza kushika nafasi hiyo katika eneo lililochorwa ili lisitawaliwe na watu wake. Ni tukio kubwa. Ila nafasi yake ni pacha na ya naibu, kwa mamlaka sawa, na London haikulazimika kubadilisha sheria yoyote kwa sababu yake. Mwache mwanafunzi wa 2050 amwandikie.

Kwa mwenye kurasa kumi

Kama unataka hoja iliyonyooka, sababu na matokeo vikiwa karibu, shika 1828. Kura Julai, sheria Aprili, na papo hapo una usaliti wa wapiga kura wa shilingi 40 ambao utaipa insha yako meno. Kama mwalimu wako ni mtu wa katiba na uchumi, shika 1932. Utasoma mambo makavu mengi, na wenzako darasani hawatakuwa nayo. Kama una moyo wa kukaa na watu waliokufa wakiwa na umri wako, shika 1981, lakini kubali tangu ukurasa wa kwanza kwamba mabadiliko yake hayakuja kwa mlango wa mbele.

Mimi ningeshika 1932 kwa sababu ni hapo tu mshindi alipokwenda kukaa kwenye kiti chenyewe, akafungua droo, akaanza kufuta maneno. O'Connell alilipiwa ushindi wake kwa kura za wengine, Sands kwa mwili wake. De Valera alilipiwa kwa ngozi za ndama, na miaka sita baadaye Waingereza waliteremsha bendera Cobh, yeye mwenyewe akiwa amesimama pale anatazama.

Mpwa wangu amesoma haya yote na amemchagua Sands. Haya, ni insha yake. Nimemwomba kitu kimoja: asianzie gerezani, aanzie ofisi ya msimamizi wa uchaguzi, siku ya mwisho ya fomu. Noel Maguire, ndugu wa marehemu mbunge, alikuwa amesharudisha fomu zake. SDLP walikuwa wameamua kutosimamisha mtu. Jina la Maguire lingebaki kwenye karatasi, kura za Wakatoliki zingegawanyika, na tofauti ilikuwa 1,446. Muda ukiwa unakaribia kwisha, aliingia akaliondoa.